Mvua inapokukuta vilimani Kwale: Mchunge yule anayenyamaza nyuma

Mwambie mkaazi wa Mombasa au Ukunda kwamba baridi inaweza kumwangusha mtu katika vilima vya Kwale, naye atacheka. Baridi, atakuambia, ni ya Limuru, au ya Mlima Kenya kwenye barafu. Sisi huku Pwani tunalalamikia joto. Hata madaktari wa huku hatuna mazoea ya kumuuliza mgonjwa kama alinyeshewa. Mama akisema mvua ndiyo iliyomletea mwanawe malaria, sisi humsahihisha kwa haraka kwamba malaria huletwa na mbu, tukaishia hapo.

Hata hivyo kila likizo ifikapo, vikundi vya watu hupanda vilima vya Shimba kwa matembezi ya miguu. Utawaona wafanyakazi wa benki, walimu, vijana wa makanisa na wa madrasa, na familia za Nairobi zilizochoka kulala ufuoni Diani. Kwa bahati mbaya kalenda ya shule na kalenda ya mvua zimeshikana. Likizo ya Aprili huangukia mwanzo wa masika, na ile ya mwisho wa mwaka huikuta vuli haijaisha. Basi anayekwenda Shimba wakati watoto wamefunga shule na ajue kwamba kuna uwezekano mkubwa wa kurudi amelowa.

Mwandishi wa makala haya ametembea huko mara nyingi, na kwa sehemu kubwa amerudi na furaha. Ni safari moja tu iliyonitia aibu kama daktari, nami nitaieleza hapo mbele. Kwanza tuuangalie mlima wenyewe.

KILIMA KILICHOPINDULIWA

Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1968, iko kwenye uwanda wa juu unaofikia mita 400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hicho si kimo cha kumtisha mtu. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Scotland ambako watu huenda likizo wakatembea mvuani kwa kupenda kwao, una mita 1,345. Lakini vilima vya Shimba vinatazamana na Bahari ya Hindi bila kizuizi chochote. Upepo wa kusi huja umebeba unyevu, ukigonga vilima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa huangusha maji. Ndiyo maana unaweza kuondoka Diani kwenye jua kali, ukapinda pale Kombani, na kufika Kwale mjini ukakuta ukungu umefunika minazi. Maji hayo hayo ndiyo hulisha chemchemi za Marere, ambazo watu wa Mombasa wamekuwa wakizinywa tangu enzi za wakoloni.

Kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa hivyo kimo peke yake kinakupunguzia digrii mbili au tatu tu. Kazi iliyobaki hufanywa na maji na upepo.

Matembezi yanayopendwa zaidi ni yale ya kwenda maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka kutoka zaidi ya mita 20. Unafuatana na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, mwenye bunduki, kwa sababu ndovu na nyati ni wenyeji wa msitu huo. Njia ni ya kilomita mbili hivi. Lakini tazama umbo lake. Milima mingi humpa mtu kazi ngumu asubuhi akiwa na nguvu, kisha humteremsha nyumbani jioni. Sheldrick hufanya kinyume. Unaanza kwa kuteremka, mkipiga soga na kupigana picha. Huko chini mnaoga, mnakaa, mnapoa. Halafu ndipo mlima unapoanza, wakati miguu imechoka, nguo zimelowa na chakula kiko garini juu.

Mtu wa miaka hamsini, anayekaa ofisini juma zima na mwenye kitambi, ndiye ninayemhofia zaidi kwenye mpando huo, mvua iwepo isiwepo. Maumivu yanayobana kifua, yakapanda shingoni au kushuka mkono wa kushoto, si "gesi". Aketi hapo hapo, asipande hata hatua moja zaidi, na watu watafute usaidizi. Aibu ya kuwachelewesha wenzake imewaua wanaume wengi kuliko ndovu.

KWA NINI MAJI HUNYANG'ANYA JOTO

Mwili wa binadamu hupenda kukaa karibu na digrii 37. Joto la ndani likishuka chini ya digrii 35, madaktari husema mwili umepoa kupita kiasi, na hapo ubongo na moyo huanza kufanya kazi kombo. Huhitaji barafu kufika hapo. Unahitaji mambo matatu yakutane: kulowa, upepo na uchovu.

Nguo kavu hukuhifadhi kwa sababu hushika hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa ni blanketi zuri. Nguo ikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa hiyo. Maji hupitisha joto kwa zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hivyo ni kama umevaa mrija wa kumwagia joto lako nje. Upepo ukipiga, maji yanageuka mvuke, na kila tone linalokauka juu ya ngozi yako linaondoka na sehemu ya joto lako. Shati la pamba na suruali ya jinzi ndizo mbaya zaidi: hunywa maji mengi, huwa nzito, na hazikauki mpaka usiku.

Mkasa uliowafundisha wataalamu jambo hili ulitokea Uingereza mwezi Machi 1964. Katika mashindano ya matembezi ya skauti yaitwayo Four Inns, yanayopita kwenye vilima vya wilaya ya Peak, vijana watatu walikufa kwa baridi katika hali ya mvua na upepo mkali. Walikuwa vijana wenye afya, waliojitolea kwa hiari yao. Dkt Griffith Pugh, mwanasayansi aliyekuwa katika msafara uliofika kilele cha Everest mwaka wa 1953, aliuchunguza mkasa huo. Alipozipima nguo za aina ile zikiwa zimelowa na kupigwa na upepo, aligundua kwamba uwezo wake wa kuhifadhi joto ulikuwa umeporomoka vibaya. Aliona jambo jingine pia: mtu mwenye nguvu akienda kwa kasi huzalisha joto la kutosha kumkinga, lakini mara tu anapochoka na kupunguza mwendo, kinga hiyo hutoweka. Ndipo anapoanza kupoa, tena haraka.

Hapa yafaa niseme ukweli. Katika miaka yangu ya udaktari huku Kusini mwa Pwani sijawahi kumwona mtu mzima mwenye afya aliyekufa kwa baridi ya Shimba. Hewa yetu si ya Peak. Baridi ya kwetu ina tabia nyingine. Haiji peke yake kuua. Huja kushika mkono wa ugonjwa ambao mtu tayari anao.

MWALIMU ALIYENYAMAZA

Miaka michache iliyopita, Jumamosi moja ya mwezi Mei, tulikuwa watu kumi na wanne. Wengi walivuka feri ya Likoni alfajiri kwa matatu ya kukodi, nami nikaungana nao Kombani. Miongoni mwetu alikuwamo mwalimu mstaafu wa miaka sitini na kitu, mcheshi, ambaye njia nzima ya kuteremka alikuwa akitupa mafumbo. Alikuwa na kisukari na alikuwa ameniambia hivyo. Asubuhi alikuwa amekunywa chai, mahamri mawili, na tembe yake ya glibenklamaidi. Chakula cha mchana kilikuwa garini, tule tukirudi.

Mvua ilitukuta chini kwenye maporomoko. Tulijikunyata chini ya miti kwa karibu saa nzima tukisubiri ipungue, nayo haikupungua. Tukaamua kupanda hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mbele, nikizungumza siasa na kijana mmoja wa benki. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. La pili ni kwamba mashine ya kupimia sukari niliiacha garini, nikiogopa isilowe.

Tukiwa katikati ya mpando, askari aliyekuwa nyuma alinifikia mbio. "Daktari," akasema, "mzee huku nyuma si mzima."

Nilimkuta Mwalimu amesimama ameegemea mti, anatetemeka. Mama mmoja alikuwa akijaribu kumfunika leso, naye anaisukuma kwa hasira: "Niacheni! Niacheni nimesema!" Wenzake walisema alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kujikwaa, kisha akamjibu mtu kwa jambo ambalo hakuulizwa. Walidhani ni baridi, wakaona afadhali aharakishwe juu.

Msomaji, tafadhali lishike hili, kwani ndilo lililonifanya niandike. Dalili za mwili uliopoa na dalili za sukari iliyoshuka hufanana kama mapacha: kutetemeka, ukimya, ukali usio wa kawaida, kujikwaa, kushindwa kufunga kifungo, maneno yanayoburuzika, kuchanganyikiwa. Dalili moja ambayo kwa kawaida hututofautishia ni jasho. Mwenye sukari ya chini hutokwa na jasho baridi jingi. Lakini mvuani watu wote wamelowa. Utalijuaje jasho?

Jibu ni kwamba usihangaike kulijua. Mtu anayetetemeka na kuchanganyikiwa mlimani, ikiwa bado anaweza kumeza, mpe sukari na umkinge baridi, yote mawili kwa pamoja. Sukari haitamdhuru aliyepoa, bali itamsaidia, maana kutetemeka kwenyewe kunakula sukari ya mwilini. Na hata kama sukari yake ilikuwa juu, vijiko vitatu vya ziada havitamuua. Kumnyima wakati imeshuka kunaweza kumuua.

Kijana wa benki alikuwa na soda mkobani, ile ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Mwalimu alikunywa nusu yake kwa kubembelezwa, akala na tende. Tulimvua shati lililolowa, tukamvika fulana kavu ya mtu mwingine, tukamkalisha juu ya mikoba asikae kwenye udongo, tukafunika kichwa chake kwa ile leso, watu wawili wakamkalia ubavuni kumpa joto. Baada ya robo saa alitutazama mmoja mmoja akauliza kwa nini tumemzingira kama maiti.

Tulipofika garini mashine ilisoma 4.1. Chini ya 4 ni hatari kwa anayetumia dawa za kisukari, na hiyo 4.1 ilikuwa baada ya soda na tende. Sitaki kufikiria ilikuwa ngapi pale kwenye mti.

Hakwenda nyumbani jioni ile. Alilazwa hospitalini usiku mmoja, jambo ambalo wenzetu waliona ni kuzidisha mambo. Lakini glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu. Sukari inaweza kupanda kwa soda, kisha ikashuka tena saa nane za usiku mgonjwa akiwa usingizini peke yake. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani haliipendekezi dawa hii kwa watu waliozidi miaka 60, na walio na wazee wanaoitumia wangefanya vyema kumuuliza daktari wao kama kuna nyingine ya kuwafaa. Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta shida hii. Insulini yaweza kuileta, kama glibenklamaidi.

Anayekwenda kutembea na ana kisukari ale kabla ya kuteremka, abebe chakula chake mwenyewe mkobani badala ya kukiacha garini, na amweleze mtu mmoja jirani yake, si kiongozi wa msafara tu. Kipimo cha sukari pale inaposhuka ni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida. Subiri dakika kumi na tano, na kama hajawa sawa rudia. Akishapata nafuu mpe kitu cha kukaa tumboni, kama mkate au viazi. Kama hawezi kumeza au amezimia usimtie chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu, umfunike, na mbebe.

Na yule ambaye ni baridi tu? Mvue nguo zilizolowa, mfunike pamoja na kichwa, mpe kitu kitamu, chenye moto ikiwezekana. Usimsugue mikono na miguu, wala usimweke karibu na moto mkali. Mnazi au pombe yoyote ni marufuku: hufungua mishipa ya ngozini, mtu akahisi moto huku joto la ndani linatoroka. Aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla, naye bado ni baridi na anazungumza kama mlevi, usifurahi. Ameishiwa nguvu za kutetemeka. Huyo ni wa hospitali, na abebwe kwa upole.

WENYE MARADHI MENGINE

Watu wa Pwani wanajua zaidi ya wengi ugonjwa wa selimundu, ambao chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Umeenea katika maeneo ambayo malaria imekaa karne nyingi, Kwale na Kilifi yakiwemo. Baridi ya ghafla ya ngozi, upungufu wa maji mwilini na kazi ya kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayochochea maumivu yake makali. Kijana mwenye selimundu anaweza kutembea Shimba siku nzuri, akinywa maji mara kwa mara na kupumzika. Lakini kuoga chini ya maporomoko yale, halafu kupanda mvuani, ni kuyaita maumivu kwa jina. Wazazi wasione haya kumwambia mwalimu anayeongoza safari.

Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni. Tena asiifungie kwenye mkoba wa mtu mwingine. Hewa baridi na mpando vinatosha kumbana kifua.

Kuna pia watumiao dawa za presha. Tembe za kukojosha huwapunguzia maji mwilini, na watu hudanganyika kwamba kwa kuwa kunanyesha hawahitaji kunywa. Unatoka jasho ndani ya koti la mvua kama kawaida. Dawa za jamii ya propranolo nazo hupunguza mwendo wa moyo na zinaweza kuficha ule mtetemeko unaotuonya kwamba sukari imeshuka. Mwenye presha na kisukari kwa pamoja aangaliwe mara mbili.

MTO NA RADI

Nimezungumza sana juu ya baridi kwa sababu haihofiwi. Maji yanayotiririka yanapaswa kuhofiwa zaidi, na Kenya imeshapata mafunzo ya uchungu. Mwezi Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa kutoka Nairobi walifagiliwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, Naivasha. Septemba 2019 mahali hapo hapo mafuriko mengine yalichukua kundi la watalii, watu wasiopungua sita wakafa, akiwemo mwongozaji wao. Korongoni mvua si lazima ikunyeshee wewe. Inaweza kunyesha mbali juu, nawe ukaletewa maji ukiwa umekauka.

Shimba hakuna makorongo kama yale. Lakini vijito vinavyoteremka kuelekea Mkurumudzi na kwingineko hubadilika rangi na sauti kwa muda mfupi. Maji yaliyokuwa masafi yakianza kuwa ya udongo, au yakibeba majani na vijiti, tokeni bondeni. Maji ya kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima. Kama kijito mlichovuka asubuhi kimejaa, kaeni upande wenu mngoje, hata kama dereva wa matatu anapiga honi. Na askari akisema leo hatuteremki, msimbishie wala msimwonyeshe risiti. Yeye amewahi kuona.

Kuhusu radi, mahali pa hatari ni kule juu kwenye nyasi wazi, kama kilima cha Pengo ambako watu husimama kutazama bahari. Ukisikia ngurumo, tayari uko ndani ya uwezo wake. Ingieni garini mfunge vioo. Msisimame chini ya mti ulio peke yake, na msirundikane pamoja. Nguo nyekundu au kioo havihusiki, ingawa bibi zetu walitufundisha hivyo. Mtu akipigwa na radi mwili wake haubaki na umeme, kwa hivyo mguse bila hofu. Kama hapumui, anza mara moja kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa radi, anayeonekana amekufa ndiye wa kushughulikiwa kwanza, kwa maana moyo wake unaweza kurudi. Anayepiga kelele anaweza kungoja.

Kuteleza ni jambo dogo lakini ndilo linaloleta watu wengi zaidi kwangu Jumatatu. Huja wamevaa malapa yale yale waliyotembea nayo. Kifundo kilichovimba kifungwe bandeji na kiinuliwe, lakini asiyeweza kupiga hatua nne kwa mguu huo anahitaji picha ya eksirei. Na mvua huwatoa siafu, basi tazameni mnapokaa.

MKOBANI

Zamani tulikuwa tukiwaambia watu wabebe mfuko mkubwa wa plastiki, wautoboe tundu la kichwa uwe koti. Tangu Agosti 2017 mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi katika hifadhi za wanyama, misitu na fuo. Kwa hivyo nunueni koti la mvua la kweli, na chupa ya maji ya kudumu. Mwavuli msituni ni mzigo tu.

La muhimu kuliko koti ni fulana moja kavu iliyofungwa vizuri ndani ya mkoba, isiyovaliwa mpaka mtu aihitaji. Sweta jepesi la sufi au la nailoni hushinda la pamba. Thamosi ya chai ya tangawizi yenye sukari, tende, mahamri. Dawa za kila mtu, na ile mashine ya sukari pia, katika kibati kisichopitisha maji. Simu iwe na moto, lakini usiitegemee kuwa na mtandao bondeni. Ikishika, nambari za dharura ni 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kwale mjini kuna hospitali karibu na hifadhi. Ile kubwa ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na kutoka vilimani ni mwendo, basi uamuzi wa kuondoka ufanywe mapema.

Katika safari zangu za sasa anayeenda polepole zaidi hutembea wa pili, nyuma tu ya askari, na wote humfuata mwendo wake. Mimi huwa wa mwisho. Vijana hulalamika.

SIKU KUMI BAADAYE

Yule mama niliyemtaja mwanzoni hakukosea kabisa. Mvua haileti malaria, lakini mvua huleta vidimbwi, na vidimbwi huleta mbu. Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa, na kwa mkaazi wa Nairobi asiye na kinga, homa itamkuta ameshasahau safari. Ukishikwa na homa, maumivu ya kichwa au kutapika ndani ya mwezi mmoja baada ya kutoka Kwale, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikokuwa. Asipoambiwa, anaweza kukupa dawa ya mafua. Aliyeoga kwenye vidimbwi na vijito vya polepole huku chini, kuelekea Msambweni na Ramisi, na akaona damu kwenye mkojo wiki au miezi baadaye, apimwe kichocho, ambacho hutibika kwa urahisi kikijulikana.

Mwalimu alinipigia simu wiki mbili baada ya safari yetu. Nilidhani ni homa. Alitaka kujua kama mwezi wa Agosti tutakwenda tena, maana hayo maporomoko hakuyaona vizuri kwa mvua. Tulikwenda. Dawa yake ilikuwa imeshabadilishwa, na mashine ya sukari aliivaa mwenyewe shingoni kwa uzi wa kiatu.